Mkono wa Kushoto

Choroa yule, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alisimama chini ya mgunga, mita 280 kutoka nilipolala. Namkumbuka kuliko wanyama wote niliowahi kuwaona kwenye darubini, na ndiye aliyenifanya nianze kujifunza upya kushika bunduki.

Ilikuwa mwaka 2009, kwenye kitalu cha uwindaji upande wa Longido. Wakati huo TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, haijaanza kazi, na askari aliyefuatana nasi alitoka Idara ya Wanyamapori. Mimi nilikuwa msaidizi wa mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni wanaolipa kuwinda. Nilikuwa nimepanda ngazi polepole: nilianza kwa kuchuna ngozi, nikawa mfuatiliaji nyayo, ndipo nikaruhusiwa kubeba bunduki ya akiba. Asubuhi ile mgeni alimpiga choroa mguu wa nyuma. Mnyama aliondoka akichechemea, akavuka korongo, akasimama. Mwindaji bingwa na mgeni walibaki upande wa pili, vichaka vimewaziba. Mimi ndiye niliyekuwa na mwanya. Bosi alinipungia mkono: mmalize.

Nilikuwa na .300 Winchester Magnum, bunduki nzuri ambayo asubuhi ya siku ya kwanza ya safari ilikuwa imepiga risasi tatu ndani ya sentimita tatu kwa mita 100. Nililala nyuma ya jiwe, nikaulaza mtutu wenyewe juu ya jiwe lile. Mkono wa kushoto ukaikaba mbao ya mbele kwa nguvu zote, ukaivuta chini ili itulie. Kidole gumba cha kulia nilikizungusha kwenye shingo ya bunduki nikabana. Moyo ulikuwa unanidunda kwa kukimbia. Msalaba wa darubini ulikuwa unapita begani kwa mnyama, unarudi, unapita tena, nami nikawa nasubiri upite mahali pazuri ili nifyatue haraka kabla haujaondoka.

Vumbi lilifuka nyuma yake, juu ya mgongo. Risasi ya pili niliipiga akiwa anakimbia, na sijui ilikwenda wapi.

Tulimfuata mpaka giza likatuzuia. Mzee wa Kimasai aliyekuwa mfuatiliaji wetu mkuu alikuwa akiinama kila baada ya hatua chache, anaonyesha kwa fimbo mahali ukwato mmoja ulipoburuzwa. Asubuhi tulielekezwa na tai. Fisi walikuwa wameshamaliza, pembe zimebaki na kipande cha uti wa mgongo. Mgeni alilipa, maana kwetu mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kama aliyeuawa, na jina lake linaandikwa kwenye leseni. Kambini hakuna aliyekula nyama. Wenzangu Waislamu, ambao hukimbia na kisu mkononi wakamchinje mnyama angali hai, walikaa kimya jioni ile. Yule mzee wa Kimasai hakunilaumu. Alisema tu, "Huyu hakulala jana, kijana wangu. Alikuwa anatusikia."

Nililala na maneno hayo siku nyingi.

Kwa muda mrefu niliilaumu bunduki. Nikalaumu skrubu za darubini, nikazikaza upya. Nikalaumu upepo, ingawa asubuhi ile majani hayakuwa yanatikisika. Nilikuja kujua ukweli msimu uliofuata, kwa mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini, mtu mzima aliyestaafu, ambaye ujanani alishindana ulengaji wa masafa marefu. Alikaa nasi siku kumi. Siku ya kwanza, kama ilivyo desturi ya kila safari, tulikwenda kwenye ubao wa shabaha nyuma ya kambi kuhakikisha darubini haikuhama ndegeni. Alipiga risasi mbili tu, akaridhika. Halafu akaniambia nilale mimi na bunduki yangu, bila risasi, anitazame.

Sikuwa hata nimeanza kulenga. Akanigusa mkono wa kushoto, akaniambia niutoe pale mbele.

Niutoe niupeleke wapi? Tangu nilipofundishwa kushika bunduki, mkono wa kushoto ulikuwa mbele. Yeye akaitoa soksi yake ya akiba kwenye begi, akaijaza mchanga wa korongo, akaifunga fundo, akaiweka chini ya kitako cha bunduki. Mbele bunduki ikasimama kwenye miguu yake miwili ya chuma. Mkono wa kushoto ukakunjwa, ukarudi nyuma mpaka chini ya bega la kulia, vidole vikaishika ile soksi. Ukiiminya, mchanga unapanda, kitako kinainuka, na msalaba kule mbele unashuka. Ukiilegeza, msalaba unapanda. Ni mwendo mdogo sana. Nilitazama msalaba ukitembea juu ya karatasi kama mtu anayesogeza uzi, na kwa mara ya kwanza maishani ukasimama mahali nilipotaka ukasimama wenyewe, bila mimi kuulazimisha.

Nataka nieleze jambo hili vizuri kwa sababu ndilo watu wengi hawalielewi, na mimi nilichukua miaka kulielewa. Kutoka kitakoni hadi mdomoni bunduki ya aina hii ina zaidi kidogo ya mita moja. Mdomo wake ukihama milimita moja tu, risasi ya mita 300 inahama karibu sentimita 30. Moyo na mapafu ya choroa vinaenea kwenye duara lisilozidi sahani ya chakula. Kwa hiyo milimita moja inatosha kumtoa mnyama kwenye kifo cha haraka na kumpeleka kwenye usiku wa fisi. Sasa mkono uliokaza misuli hauwezi kutulia ndani ya milimita moja. Msuli uliokaza unatetemeka, damu inaupiga, unachoka. Mfupa hauchoki. Mchanga hauchoki. Kwa hiyo kazi yote ya kushikilia uzito lazima uwape mchanga, ardhi na mifupa, na misuli uibakizie kazi ndogo kabisa.

Na kulaza mtutu juu ya jiwe ni kosa la pili nililolifanya siku ya choroa. Risasi ikipita mtutu unatikisika, na ukiwa umegusa kitu kigumu unaruka kutoka kwenye kile kitu. Ndiyo maana risasi yangu ilikwenda juu. Kinachopaswa kuegemea ni mbao ya mbele, tena juu ya kitu laini: koti lililokunjwa, begi, kofia, hata shuka ya mwenzako. Mtutu usiguse chochote. Siku hizi ninapomwona kijana anaegemeza chuma kwenye mti huwa nanyosha mkono wangu kuweka kofia katikati kabla sijasema neno.

Mkono wa kulia ulichukua siku nyingi zaidi, kwa sababu una kazi mbili zinazogombana. Vidole vitatu vya chini vinaivuta bunduki nyuma iingie begani, moja kwa moja, kwa nguvu ya kumsalimia mtu kwa heshima, isizidi hapo. Kidole cha shahada hakipaswi kujua kwamba wenzake wanafanya kazi. Mimi nilikuwa nikibana vyote kwa pamoja, kama mtu anayekamua kitambaa, na bunduki ilikuwa inageuka kidogo kushoto kila nilipofyatua. Mzee yule wa Afrika Kusini alinifanya nikitoe kidole gumba kule kilikozunguka, nikilaze upande wa kulia wa bunduki, upande mmoja na kidole cha shahada. Kikikaa pale hakina cha kubana. Halafu kidole cha shahada: nilikuwa nakiingiza mpaka kwenye kiungo, kwa hiyo nilikuwa navuta kwa pembeni. Kifyatuo kinatakiwa kuguswa na nyama ya ncha ya kidole, katikati ya ncha na kiungo cha kwanza, na kidole kikunjike kama kona ya mlango, ili kinaporudi kirudi nyuma moja kwa moja kwenye mstari wa mtutu. Sehemu nyingine yote ya kidole isiiguse mbao.

Mimi vidole vyangu ni vifupi na vinene. Ilibidi niusogeze mkono wote mbele kidogo kwenye shingo ya bunduki mpaka kidole kikae sawa. Mwenye vidole virefu atafanya kinyume. Nasema hivi kwa sababu nimewaona walimu wanaowalazimisha vijana mkao mmoja wakati viganja havifanani.

Mwili nao ulibadilika. Zamani nilikuwa nalala mshazari, miguu imekwenda kushoto, kama askari tuliokuwa tunawaona kwenye picha za zamani. Bunduki ikipiga teke inakwenda pembeni na inakutoa kwenye shabaha. Sasa nalala nyuma yake, uti wa mgongo ukifuata mstari wa mtutu, miguu imeachana, visigino vimelala chini. Nikishalala nafumba macho, navuta pumzi mbili, nafumbua. Kama msalaba haupo tena juu ya shabaha, maana yake misuli ilikuwa inaulazimisha. Hapo siusukumi kwa mikono. Nasogeza nyonga, au vidole vya miguu, mpaka nikifumbua macho nikute msalaba uko pale pale. Jambo hili linachukua sekunde tano, na sijawahi kujutia sekunde hizo.

Shavu linakaa juu ya mbao kwa uzito wake lenyewe, mahali pale pale kila mara, na jicho linakuwa nyuma ya kioo kwa umbali wa kama sentimita nane hadi kumi. Ukisogea karibu zaidi darubini itakupasua nyusi. Nimewashona wageni wawili na kumfunga plasta wa tatu, wote wakiwa na kovu lile lile la mwezi mwandamo juu ya jicho la kulia. Wote walikuwa wamelenga mnyama aliye juu ya mlima huku shingo imenyooshwa mbele.

Kuhusu pumzi sina mengi. Usiibane. Vuta, toa, na mwisho wa kutoa, kabla mwili haujadai hewa nyingine, kuna utulivu wa sekunde tatu au nne. Hapo ndipo kidole kinapomalizia kazi yake. Zikipita hujafyatua, usiibe ya tano. Macho yanaanza kufifia na mkono unaanza kuharakisha. Vuta pumzi nyingine, anza upya.

Lakini mkao wote huo haukuniponya, na hapa ndipo mzee yule alipogundua ugonjwa wangu halisi. Aliomba risasi zangu akazijaza mwenyewe, nami nikageuka nisione. Katikati aliweka risasi bandia zisizo na baruti. Nikalenga, nikavuta. Bunduki ikalia tu *tik*, na mdomo wake ukainama chini kama jogoo anayedonoa. Nilikuwa nashtuka kabla ya mlio. Mwili wangu ulikuwa unalipiga teke lile kabla halijaja. Miaka yote ile mshindo wa kweli ulikuwa unaficha ule mwinamo, na mimi nilikuwa najiona napiga vizuri kwa sababu nyati tuliwapiga kwa mita 50, na kwa mita 50 makosa mengi yanasamehewa.

Nilifadhaika. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili na nilidhani ninaijua kazi yangu.

Dawa yake ilikuwa ya kuchosha na sijapata nyingine. Kila jioni, kwa miezi miwili, baada ya kuikagua chemba mara mbili, na risasi zote zimefungiwa kwenye hema nyingine, nililala kwenye turubai na kulenga kichuguu. Juu ya mtutu, karibu na mdomo, niliweka sarafu ya shilingi mia. Nikavuta kifyatuo. Sarafu ikianguka, nimekosea. Mwanzoni ilianguka kila mara. Mwezi wa pili nilifikisha mara ishirini mfululizo bila kuanguka, na mpishi wetu akaacha kuniuliza nilikuwa nafanya nini. Siri ni kukikandamiza kifyatuo taratibu mpaka kikuponyoke chenyewe, usijue kwa hakika ni lini. Na kikishaponyoka, usikiachie. Kidole kinabaki nyuma kimeshikilia, jicho liko wazi, shavu halijanyanyuka, mpaka uone kupitia kioo risasi imetua wapi. Watu wengi wanainua kichwa ili waone. Wanainua mapema, na risasi bado imo ndani ya mtutu.

Risasi ni ghali na kibali kina idadi yake, kwa hiyo mazoezi ya moto nilikuwa nayo machache. Nilichofanya ni hiki: kila siku ambayo tulikuwa na nafasi na ruhusa ya kutumia ubao wa shabaha, nilipiga risasi moja tu, bunduki ikiwa baridi, kwenye sahani ya karatasi iliyobandikwa mita 200. Moja. Halafu naandika tarehe kwenye sahani na kuihifadhi. Porini hupati risasi tatu za kupasha mtutu moto. Unapata ile ya kwanza, na ndiyo niliyotaka kuijua. Zile sahani bado ninazo kwenye sanduku la bati nyumbani Kondoa. Ukizipanga kwa tarehe utaona tundu likitembea kutoka ukingoni kwenda katikati.

Sasa naomba niwe mwangalifu, kwa maana kuna vijana wanaosikia habari ya mkono wa kushoto kurudi nyuma wakaifanya sheria ya kila mahali. Haifai kila mahali. Umelala, bunduki ina miguu au ipo juu ya begi, sawa. Ukisimama na bunduki imeegemea kwenye fito tatu zilizofungwa pamoja, kama tunavyopiga mara nyingi porini kwa sababu nyasi ni ndefu, mkono wa kushoto lazima uwe mbele: unashika makutano ya fito pamoja na mbao, kiganja kimefungwa, kwa nguvu ya kutosha kuzuia zisiachane. Na ukiwa na .375 H&H, bunduki ya tangu 1912 ambayo bado inawaangusha nyati hadi leo, usiiachie huru hata kidogo. Ile inaruka. Kidole gumba kiizunguke shingo, mkono wa mbele uishike barabara, kwa sababu utahitaji risasi ya pili haraka na bunduki ikishakuponyoka huna ya pili. Pale unapoteza usahihi kidogo, na kwa mita 40 hauhitaji mwingi.

Kwenye fito kuna sehemu moja inayosahauliwa: kiwiko cha kulia. Mbele bunduki imetulia, nyuma kiwiko kinaning'inia hewani na kitako kinayumba. Sisi hukiegemeza. Mfuatiliaji anasimama upande wa kulia wa mpigaji, nyuma ya mstari wa kitako, anainama kidogo, na mpigaji anaweka kiwiko begani kwake. Tofauti ni kubwa, unaiona mara moja kwenye kioo. Lakini kuna jinsi nyingine ambayo tulikuwa tukiifanya zamani na ambayo naomba iachwe kabisa: mfuatiliaji kusimama mbele na bunduki kuwekwa begani kwake. Nilifanya hivyo kwa wageni nikiwa kijana, tena mara nyingi, nikiziba masikio kwa vidole. Sikio langu la kushoto linalia mpaka leo, usiku na mchana, sauti nyembamba kama ya nyenje. Hakuna pembe ukutani mwa mtu inayostahili sikio la mwingine. Siku hizi bunduki nyingi zinakuja na vipunguza teke mdomoni vinavyorusha mlio pembeni, na hizo ni mbaya zaidi kwa anayesimama kando. Vijana wangu wote wanavaa vizibo, na mgeni haruhusiwi kufyatua mpaka nimewaona wamevaa.

Umbali wenyewe ni hesabu, na hesabu inafundishika. Bunduki yangu hupiga kwenye msalaba kwa mita 200. Kwa risasi yenye uzito wa grein 180, mita 300 imeshuka kama sentimita 20, na mita 400 imeshuka karibu 60. Kijitabu kimebandikwa kitakoni, kipima umbali kiko mfukoni, kwa hiyo kushuka hakunisumbui. Kinachonisumbua ni upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata kutoka pembeni, mita 300 unaisukuma risasi ile sentimita 15 hadi 20, na hakuna kipimo cha kukuambia upepo unafanya nini huko katikati ya bonde. Nchi ya Longido asubuhi imetulia, unaweza kuiona Kilimanjaro nzima. Ikifika saa nne, saa tano, ardhi inaanza kuchemka na mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayoonekana kama maji, yanatembea kwenye kioo. Watu wanayachukia, mimi nayasoma. Yakipanda wima, hakuna upepo wa pembeni mahali pale. Yakilala kuelekea kulia, upepo unakwenda kulia, na yakilala sana mpaka yanaonekana kama mto unaotiririka, mimi huifunga bunduki. Nyasi za karibu zinaweza kusema jambo moja na vumbi la ng'ombe wa Wamasai kule mbali likasema jingine. Katika hali hiyo naamini kilicho karibu na mimi kwanza, kwa sababu upepo unaoishika risasi mapema unaipa safari ndefu zaidi ya kupotea.

Na kuna jambo ambalo hesabu hailiwezi. Risasi hii inachukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 500. Mnyama akipiga hatua moja katika nusu sekunde hiyo, umempiga tumbo, hata kama ulilenga kama malaika. Ubao hauna miguu. Najua kuna watu huko Marekani na kwingineko wanaopiga wanyama kwa mita 700 na zaidi, wana vifaa vizuri na wamefanya mazoezi kunishinda. Mimi sikubali jambo hilo na sitalifundisha. Nikiwa nimelala vizuri, mwisho wangu ni mita 300. Nikiwa kwenye fito, 200. Mgeni anayetaka zaidi ya hapo namwambia tutembee.

Msimu uliopita nilikuwa na kijana anayesomea mtihani wa uwindaji bingwa, mpole, mwenye macho makali. Tulimwona swala granti dume, mzee kabisa, pembe zimechakaa ncha. Kipima umbali kikasema 340. Mgeni alishalala, mkono wa kushoto uko kwenye soksi, miguu imekaa, kila kitu nilichomfundisha amekifanya. Nikatazama mazigazi. Yalikuwa yanakwenda kushoto, yakasimama, yakaenda tena.

"Mzee, anaweza," kijana akaninong'oneza.

Nikamwambia mgeni anyanyue bolti. Aliinyanyua, risasi ikatoka, nikaiokota kwenye vumbi nikampa. Tukatambaa kwenye korongo kama robo saa, miba ya migunga imetuchoma magoti, na tulipochungulia upande wa pili upepo ulikuwa umegeuka umetupiga migongoni. Dume lilikuwa limeinua kichwa, linatutazama moja kwa moja. Likatikisa mkia, likaondoka kwa mwendo wa kawaida, na majike manne nyuma yake, mpaka wakapotea kwenye joto la ardhi.

Kijana alizikunja fito, akazifunga kwa ule mpira wa tyubu. Gari tulikuwa tumeliacha kilomita mbili nyuma. Njiani aliniomba nimwonyeshe tena jinsi ya kujaza soksi, kiasi gani cha mchanga, nami nikamwambia isijae sana, ibaki na nafasi ya kuminywa.